Kiangazi cha Ajia na Chakula cha Uwanjani

Mvua zinapokoma kuelekea mwisho wa Novemba, nyanda za West Nile hubadilika rangi upesi kuliko mgeni anavyotazamia. Katika muda wa majuma machache nyasi zilizokuwa zikimfikia mtu kifuani huwa manjano, kisha hudhurungi, na upepo mkavu huvuma mchana kutwa ukipeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya vyungu. Hali hiyo huendelea hadi Machi. Kwa mkulima wa Ajia, gombolola iliyo katika kaunti ya Vurra, wilaya ya Arua, hicho si kipindi cha kulalamikia jua. Mtama na ufuta vimekwisha kuvunwa, muhogo uko ardhini ukingoja kung'olewa kidogo kidogo, na jembe limeegemezwa ukutani. Ndio wakati wa harusi na mazungumzo ya mahari, wa kumalizia matanga ya waliofariki, wa mashindano ya mpira baina ya ukoo na ukoo, na wa Krismasi na Mwaka Mpya. Na kwa kuwa hakuna nyumba ya nyasi iwezayo kuingiza watu mia moja, chakula cha shughuli zote hizo hupikwa nje, uwanjani, chini ya mwembe.

Askari wengi wanakijua kiangazi hicho, ama kwa kuzaliwa huko, ama kwa kuwa waliwahi kupelekwa Arua au Koboko kikazi. Walio wengi zaidi wamekipitia ndani ya gari tu. Safari ya basi kutoka Kampala ni karibu kilomita 500. Basi huvuka Nile mara ya kwanza Karuma, ambako nyani huketi kando ya barabara wakingoja maganda ya ndizi, na mara ya pili Pakwach, ambako mto umetulia na joto hulifanya shati ligande mgongoni. Baada ya hapo barabara hupanda kupitia Nebbi, na abiria huanza kuhisi hewa nyingine. Arua uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari mtu aliyekuja bila sweta hujuta.

Upande wa magharibi, kwenye mpaka wa Vurra, liko jambo ambalo watoto wa shule wangefaa kuonyeshwa kwa macho. Mpaka wa Uganda na Kongo hapo umefuata mgongo wa nchi ugawanyao maji. Tone la mvua linaloanguka upande mmoja wa mgongo huo hushuka vijito hadi Nile na kuishia Misri. Linaloanguka upande wa pili huingia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Watu, kwa bahati njema, hawakugawanyika kama maji. Walugbara wako pande zote mbili, na siku ya soko hukutana wakauziana mafuta ya mawese, vitenge na kuku bila kuulizana sana habari za mito.

MOTO WA MABABU

Wenyeji wa West Nile wana sababu yao ya kuuheshimu moto wa porini. Katika simulizi za Walugbara, mababu wawili mashujaa, Jaki na Dribidu, walikuja kutoka kaskazini. Jaki alifikia mlima Liru, ulio karibu na Koboko. Dribidu akafikia mlima Eti, ambao wengi siku hizi huuita Wati, katika nchi ya Terego. John Middleton, mtaalamu wa Kiingereza aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu ya dini yao mwaka 1960, aliziandika simulizi hizo. Inasemekana kwamba shujaa alikuwa na nyama lakini hana moto wa kuipikia. Akamkuta mwanamke mwenye ukoma, ambaye moto anao. Mwanamke akampa moto. Naye akamponya kwa dawa aliyoijua peke yake. Kutokana na hayo ulizaliwa undugu wa ndoa, na ukoo.

Simulizi hiyo haikuanza na kiti cha enzi wala upanga. Inaanza na mtu mwenye njaa akiomba kaa la moto kwa mtu ambaye wengine walimkimbia. Hata sasa, katika vijiji vya Vurra, si ajabu kumwona mtoto akitumwa asubuhi kwa jirani na kigae mkononi kuomba moto, ingawa kibiriti kimo dukani na bei yake si kubwa.

Neno "kambi" nalo lina historia yake. Sehemu hii ilihamishiwa Uganda kutoka Sudan mwaka 1914, na haukupita muda mrefu vijana wake wakawa wanaandikishwa kwa wingi katika Jeshi la King's African Rifles. Waliopigana Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944 walirudi na Kiswahili, mabuti, na ujuzi wa kupikia kikosi kizima kwa sufuria mbili. Wengine hawakwenda vitani, bali walikwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira, wakalala katika kambi za vibarua na kujipikia wenyewe. Hizo zilikuwa kambi za kwanza.

Kambi za pili ni chungu kuzitaja. Mnamo Oktoba 1980 vita viliingia West Nile, na kisasi kilichofuata hakikuchagua mpiganaji na raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Sehemu kubwa ya wakazi wa wilaya ilivuka mipaka kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Sudan. Walikaa huko miaka mitatu, minne, wengine sita na zaidi. Mama aliyezaa mwaka ule alimpikia mtoto wake nje, si kwa kupenda upepo wa jioni, bali kwa kuwa hakuwa na ndani.

Kisha gurudumu likageuka. Leo wakimbizi wa Sudan Kusini ndio wanaopika chini ya maturubai katika makazi ya Rhino Camp, upande wa Nile, na ya Imvepi katika Terego, yaliyofunguliwa kwa wimbi hili mwaka 2017. Wazee wa Arua wanaowauzia muhogo wanajua wanachokiona.

KOPLO ARUDI NYUMBANI

Koplo mmoja wa polisi, mzaliwa wa Ajia, alipata likizo ya siku kumi na nne mwishoni mwa Desemba. Anaishi na familia yake katika kota za polisi kusini mwa nchi. Mkewe ni Mgisu kutoka Mbale. Watoto wao wawili, mvulana wa miaka kumi na msichana wa miaka minane, wanazungumza Kiswahili cha kambini na Kiingereza cha shule. Kilugbara hawakijui isipokuwa salamu. Walikuwa hawajafika kwa bibi yao tangu msichana akiwa anabebwa mgongoni. Wengi wa wasomaji wanajua jinsi mambo hayo yanavyotokea: uhamisho, ada za shule, nauli ya watu wanne, na mwaka unapita.

Mkewe alisafiri na hofu ambayo hakuitamka. Alizoea jiko la makaa la kuinama kidogo, chumba kimoja, chakula cha watu wanne. Sasa alikuwa anakwenda kupika uwanjani mbele ya mawifi, majirani na wazee wa ukoo, chakula ambacho hakukulia nacho. Kabla ya kuondoka alitia mkobani fungu la malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, akayafunga kwa gazeti.

Bibi, mama yake koplo, aliwapokea uwanjani. Alimsalimu mkwewe kwa Kilugbara, "Mi ngoni?", kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa aliona uso wa binti wa watu umesita. Kiswahili chake alikiokota ukimbizini, pamoja na Bangala ya sokoni Ariwara. Ni cha kukatakata, lakini kinabeba mzigo.

Jioni ya kwanza koplo alitaka kuonyesha ujuzi. Kesho yake wageni wangekuwa zaidi ya thelathini, kwa kuwa timu ya ukoo ilikuwa inacheza mpira na mshindi alikuwa apewe mbuzi. Akachukua jembe akachimba handaki kama alivyofundishwa chuoni: urefu wa mita mbili, upana wa kiasi kwamba sufuria ikae juu ya kingo bila kutumbukia, kina cha kufika chini kidogo ya goti, na mdomo wake ukielekea unakotoka upepo. Upepo huingia mdomoni, hupita chini ya sufuria tatu au nne zilizopangwa mstari mmoja, na moshi hutokea mwisho. Kuni hutumika chache kuliko katika mafiga yaliyo wazi, na ndimi za moto hazirukiruki. Akamweleza mama yake yote hayo kwa utaratibu, kama mtu anayetoa somo.

Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema kwamba mfereji ni mzuri, isipokuwa udongo uliochimbuliwa ungewekwa upande wa nyumba, uwe ukuta. Yeye aliuchimba wa namna hiyo Zaire mwaka 1981, usiku, na wanawake wenzake, ili moto usionekane kutoka barabarani. Baada ya kusema hayo akainuka kwenda kutazama kuku. Koplo alibaki ameshika jembe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo.

VYAKULA

Chakula kikuu cha shughuli ni enyasa, yaani ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na wa mtama au ulezi. Kwa kawaida vipimo viwili vya muhogo huchanganywa na kimoja cha mtama. Muhogo mtupu huvutika mno, na mtama mtupu humeguka. Akina mama wa mjini wanaoununua unga tayari wanasahau kazi iliyoutangulia. Muhogo mchungu una sumu. Hapana budi umenywe, ulowekwe majini siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uanikwe juani mpaka ukauke kabisa ndipo utwangwe au usagwe. Vijijini hutandazwa juu ya miamba mipana iliyo tambarare, na katika kiangazi mgeni atazamaye kwa mbali hudhani mwamba umepakwa chokaa. Mwenye haraka akakatisha siku za kuloweka, huwahatarisha walaji wake wote.

Kitoweo cha kunde ndicho kilichompatanisha mke wa koplo na uwanja ule. Walugbara hukiita osubi: ni majani machanga ya kunde, yakipikwa kwa maji ya majivu na kuungwa kwa ufuta uliosagwa. Kwa watu ishirini huchumwa majani ya kujaza nyungo mbili. Maji ya majivu hutengenezwa kwa kuchoma mabua makavu ya ufuta au maharage, kuyatia majivu yake katika chungu chenye matundu madogo chini, na kuyamiminia maji yachuje taratibu. Kikombe kimoja cha maji hayo hutiwa katika sufuria ya maji yachemkayo, kisha majani. Kwa muda wa dakika ishirini hivi majani hulainika bila kupoteza rangi yake. Hapo ndipo vikombe viwili vya ufuta uliosagwa juu ya jiwe hulegezwa kwa maji ya uvuguvugu na kumiminwa, na kuanzia dakika hiyo moto hupunguzwa na mwiko hauondolewi. Ufuta ukiachwa peke yake hushika chini, na harufu ya kuungua haifichiki. Chumvi hutiwa mwisho kabisa, tena kidogo, kwa kuwa majivu yamekwisha kufanya nusu ya kazi.

Yalikuwapo mengine. Kulikuwa na angara, samaki wa Ziwa Albert aliyekaushwa kwa chumvi na moshi, ambaye wachuuzi humleta kutoka Panyimur. Huyo hulowekwa kwanza, vinginevyo mtu atakunywa maji usiku kucha. Kulikuwa na kumbikumbi waliokaushwa tangu mvua za mwanzo, waliopondwa pamoja na chumvi. Kulikuwa na viazi vitamu na muhogo mtamu vilivyofukiwa katika majivu ya moto kwa ajili ya watoto, ambao huviiba kabla havijaiva na kuunguza vidole. Kuku wawili walichinjwa kwa heshima ya wageni, na bibi hakukubali mtu mwingine awakate.

Siku ya pili mke wa koplo aliomba nafasi ya sufuria moja kwenye handaki. Aliyaloweka malewa yake, akayachemsha, akayaunga kwa karanga zilizosagwa. Mawifi walikaa kimya wakitazama, kwa kuwa hawakupata kuona mianzi ikiliwa. Mmoja akauliza kama hicho si kitu cha kujengea ua. Bibi ndiye aliyeonja kwanza. Alitafuna kwa muda mrefu, akasema karanga zimesagwa vizuri, akaongeza tonge la pili. Katika nchi ya wakwe, hiyo si sifa ndogo.

Mtoto wa kike, wakati huo huo, alikuwa ameketi karibu na jiwe la kusagia akijifunza maneno. Aci ni moto. Dede ni bibi. Awa'difo ni ahsante. Kila neno alilolipata alilirudia kwa sauti, na binamu zake wakacheka, akalirudia tena. Shule nyingi hutumia muhula mzima kwa maneno machache kuliko hayo.

Timu ya ukoo, ikumbukwe, ilishindwa mabao mawili kwa moja, na mbuzi akaenda kwa jirani. Jioni yake palipigwa adungu, zeze za nyuzi ambazo asili yake ni kwa Waaluri na ambazo sasa zimeenea hata katika kwaya za makanisa ya West Nile, kubwa zikitoa besi na ndogo zikitembea juu yake. Kwete, pombe ya nafaka ipendwayo sana Arua, ilikuwapo pia, katika mitungi. Lililo jema ni kwamba wazee waliiweka mbali na moto na mbali na vijana waliokuwa wametoka kushindwa.

MATITA AROBAINI YA NYASI

Mkasa ulitokea tarehe 2 Januari, saa tisa alasiri, saa ambayo upepo huwa mkali kuliko zote.

Kiangazi ni msimu wa kuchoma nyasi. Tangu zamani watu walichoma mapori kwa ajili ya kuwinda, na watoto hadi leo huwafukuza ndezi na panya kwa moshi. Mvulana wa koplo alikuwa amekwisha kupata rafiki, na rafiki hao walikuwa na fimbo, mbwa mmoja na njaa ya nyama. Walipomwona ndezi akiingia katika kichaka nyuma ya nyumba, mvulana wa mjini alikimbia kwenye handaki la baba yake akachukua kijinga cha moto. Hakuna aliyemwona. Watu wazima walikuwa wanagawa chakula.

Moto wa Januari hauendi, unaruka. Ulikula kichaka, ukavuka njia ya miguu, ukaelekea nyumba ya jirani, mzee wa makamo ya bibi. Chakula kiliachwa. Wanaume na wanawake walikata matawi mabichi wakaupiga kutoka pembeni, si kutoka mbele, na vijana wakalima ukanda wa udongo mtupu kati ya moto na kihenge cha nafaka. Koplo alitoa amri kwa sauti ya gwaride, na kwa mara ya kwanza tangu afike nyumbani watu walimtii kama afande. Kihenge kilinusurika. Nyumba zikanusurika. Kilichoteketea ni rundo la nyasi za kuezekea, matita arobaini, ambayo mzee yule na wanawe walikuwa wamekata tangu Desemba na kuyasimamisha nyuma ya nyumba.

Mtu wa mjini atasema ni nyasi tu. Paa la nyasi lililochoka halitafika mwisho wa mvua zinazoanza Machi au Aprili, na nyasi ndefu zilizonyooka, zifaazo kuezekea, hupatikana kabla ya moto wa kiangazi kuzimaliza. Mwezi wa Januari zilizobaki ziko mbali, katika mabonde yenye unyevu ambako moto haukufika. Anayepoteza nyasi wakati huo amepoteza paa.

Jioni wazee wa pande zote mbili waliketi chini ya mwembe. Koplo alisimama akatoa pole, kisha akatia mkono mfukoni na kusema yuko tayari kulipa fedha. Hapana aliyempinga kwa ukali. Mzee mmoja aliuliza tu kama fedha hizo zinaweza kusimamishwa juu ya kuta zikazuia mvua. Mwingine akakumbusha kwamba mtoto alichukua moto pale pale alipouona umewashwa, na handaki, kwa uzuri wake wote, liliachwa bila mlinzi wakati wa kugawa chakula. Katika jeshi au polisi kosa hilo lina jina na lina adhabu, naye koplo hakujitetea. Uamuzi ukawa kwamba nyasi zirudishwe kwa nyasi: matita arobaini, yakatwe na baba pamoja na mwana.

Likizo ilikuwa imebaki siku tano. Walitoka alfajiri na mundu mbili, bibi akiwaongoza siku ya kwanza hadi bondeni, kwa kuwa koplo hakukumbuka tena nyasi zipi hudumu na zipi huoza kwa msimu mmoja. Akawaonyesha: shina gumu, lisilo na matawi, likikunjwa linalia. Mvulana alipata malengelenge saa ya pili. Hakulia mbele ya bibi. Saa nne mama yake aliwaletea muhogo wa kuchoma na kibuyu cha maji, akachukua mundu wa mumewe akakata naye, akionyesha kwamba Bugisu pia kuna watu wanaojua nyasi. Siku ya pili wale rafiki wa kuwinda ndezi walikuja wenyewe, bila kuitwa, na fimbo zao wakaziacha nyumbani.

Wakati wa mapumziko bibi alisimulia mambo ya Zaire. Hakuyasimulia kwa mpangilio. Alieleza jinsi walivyokata nyasi za namna hii hii katika nchi ya watu, wakaomba ruhusa kwa chifu wa huko, wakajenga vibanda; jinsi mwenyeji mmoja, mwanamke, alivyowapa moto usiku wa kwanza na chungu cha kupikia, asijue kama atakiona tena. Chungu hicho walikirudisha mwaka 1986, siku ya kuondoka. Mjukuu akauliza kama kilikuwa hakijavunjika. Bibi akasema kilikuwa na ufa mmoja, nao waliuonyesha kabla ya kuulizwa.

Hapo uwanjani mambo mawili yalibadilishwa. Ndoo mbili za maji na rundo la mchanga vilikaa karibu na handaki wakati wote, na msichana wa miaka minane akateuliwa mlinzi, cheo alichokishika kwa ukali uliowachosha wote. Tena moto haukuwashwa kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni. Vya kuchemka vilipikwa asubuhi, na vilivyobaki vikangoja upepo ulale. Mama yeyote anayepika nje katika nyanda kavu, awe Arua, Karamoja au Dodoma, anaweza kuufuata utaratibu huo bila gharama yoyote. Kuni nazo zilipungua matumizi, jambo ambalo si dogo katika sehemu ambayo miti mingi imekatwa kwa kukaushia tumbaku, kwa makaa ya mjini na kwa mahitaji ya kaya nyingi mpya.

Siku ya nne matita yalihesabiwa. Yalikuwa arobaini na mawili, kwa kuwa koplo aliogopa mengine yangeonekana membamba. Waliyabeba kichwani kwa safari kadhaa hadi kwa jirani, mvulana akiwa mbele. Mzee aliyapokea moja moja, akaingiza mkono katikati ya kila tita kuona kama limejazwa magugu, akayasimamisha nyuma ya nyumba mahali pale pale palipoungua. Alipofika arobaini alisimama. Mawili yaliyozidi alimrudishia mvulana, akamwambia ampelekee bibi yake, paa la jiko lake linavuja upande wa mashariki. Amekuwa akiliona tangu mvua zilizopita.

Mke wa mzee akatoka ndani na bakuli la osubi lililofunikwa kwa ungo. Alimpa mke wa koplo, akamuuliza kwa ishara na maneno machache kama ile mianzi ya kwao ilikuwa imebaki. Ilikuwa imebaki kidogo, katika gazeti. Ilipelekwa jioni ile, pamoja na karanga.

Basi la kwenda Kampala liliondoka Arua kesho yake. Mvulana alilala kabla ya Nebbi, viganja vyake vimefungwa kitambaa, na hakuona Nile wala Pakwach.